Kadi Hii Sikuitia Plastiki

Radhia mwanangu,

Nakuandikia nikiwa dukani, nyuma ya mashine kubwa ya fotokopi, saa kumi alasiri, na mlango nimeufunga nusu ili wateja wadhani nimekwenda kuswali. Kuswali nimeshaswali. Nyumbani nisingeweza kuandika, maana uko pale unakunja nguo na kuzikunjua, na baba yako amekaa katikati ya chumba akilifunga kamba begi ambalo zipu yake ni nzima kabisa. Kesho asubuhi unapanda gari la Muyinga. Barua hii utaikuta kwenye mfuko wa pembeni, chini ya chanuo, na kwa ninavyokujua utaifungua kabla gari halijatoka Gitega. Haya, ifungue.

Juzi uliniomba kitu kimoja tu, nisikupe maagizo. Ulisema ya chandarua, ya maji ya kunywa na ya kutomfungulia mtu mlango umeyasikia tangu una miaka sita. Nilikubali, na ahadi ni ahadi. Sitasema lolote kuhusu chandarua, ingawa kiko ndani ya ndoo ya bluu na kilikuwa na tundu ambalo nimelishona jana. Nitakachokuandikia ni habari za mchezo wetu wa Jumamosi, na hasa makosa yangu mawili ndani ya mchezo huo. La kwanza unalijua, kwa sababu ulilishika mkononi. La pili hulijui, nimelificha miaka minane, na sitaki uvuke mto Ruvubu kesho ukiwa bado hulijui.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Ulikuwa mdogo kitabu kilipokuja, labda unakumbuka jalada tu. Kijana mmoja mgeni, mwenye nywele ndefu na viatu vya kupandia milima, alileta kitabu kinene cha Kifaransa akataka fotokopi ya chote. Nikatoa kurasa zote, nikazitoboa, nikazifunga vizuri, na yule kijana hakurudi. Nilimsubiri wiki, nikamsubiri mwezi. Katika kumsubiri nikaanza kusoma, kwa sababu siku za mvua duka langu huingiwa na bata kuliko watu. Kilikuwa kitabu cha mchezo. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anakuwa mtu wa ndani ya hadithi, na jambo likiwa gumu, namba inaamua nani amepiga na nani amekosa. Baba yako alinikuta nasoma sura ya majoka akaniuliza kwa upole kama nimebadilisha dini.

Mezani tukawa wanne, na wanne tumebaki. Mimi msimulizi. Wewe na Inamahoro wako, mwanamke wa vita mwenye kovu shavuni, uliyemtunga ukiwa na miaka kumi. Saidi, fundi cherehani wa barazani kwetu, ambaye mtu wake ndani ya hadithi ni fundi cherehani pia, kwa sababu alisema hana muda wa kujifunza kazi nyingine. Na Nestor wa Ryansoro, ambaye alikuwa akileta viazi na avoka sokoni kila Jumamosi, akaingia dukani siku moja kujikinga mvua, na mvua ikakatika yeye akabaki. Kitabu kilimtaka awe mchawi. Nestor akakataa, akasema mke wake akisikia neno hilo kuna mtu atalala nje. Tukamwita mtaalamu wa mashimo.

Kete ya nyuso ishirini ambayo kitabu kilidai hatukuwa nayo. Nikakata vikaratasi ishirini, nikaviandika moja hadi ishirini, nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo moja la wachezaji, na kopo la pili, lenye vikaratasi vyake ishirini, la mazimwi, ambalo lilikaa upande wangu nyuma ya ile kalenda niliyoikunja kuwa kizuizi. Naomba ulikumbuke kopo hilo la pili, nitalirudia, na sitalirudia kwa furaha.

Silaha za kitabuni hazikumfaa mtu. Saidi aliambiwa achague upanga mrefu, akauliza atapitaje nao mlangoni. Ndipo nikaanza kutengeneza silaha zetu wenyewe, na za mwanzo, niruhusu nijisifu kidogo, zilikuwa nzuri. Sindano ya Saidi ilishona chochote kilichochanika, iwe ngozi, ukuta au mkataba wa amani, lakini uzi ulitoka kwenye nguo aliyovaa mwenyewe. Pigano likiwa gumu alimaliza akiwa na mkono mmoja wa shati. Jembe la Nestor lilichimba shimo la urefu wowote kwa pigo moja, ila shimo lilitakiwa lifukiwe kabla jua la hadithi halijazama, la sivyo usiku hapati usingizi. Nestor alitumia nusu ya kila Jumamosi akifukia mashimo na kulalamika, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Sikuwa nimefikiri sana nilipotunga hizo mbili. Nilizitunga nikicheka, nikawaachia shida kidogo ndani kwa sababu shida ndiyo iliyokuwa inachekesha. Ufundi wenyewe nilikuja kuuelewa baada ya kuuharibu.

Kila silaha niliiandika kwenye kadi, nikaipitisha kwenye mashine ya kuplastifia. Unaijua ile kadi inavyotoka, ina joto, inang'aa, kona zimekuwa ngumu. Hapo ndipo silaha ilipokuwa ya kweli. Na sheria ikazaliwa mezani bila mtu kuitunga, kwamba iliyotiwa plastiki haibadilishwi. Niliipenda sana sheria hiyo. Mashine ilikuwa mpya na mimi nilikuwa mama mwenye mashine.

Sasa kosa la kwanza. Mwaka uliofeli ukaambiwa urudie darasa, wenzako wakaendelea. Ulikuja dukani ukakaa kwenye boksi la karatasi na hukulia. Ungelia ningejua la kufanya. Ulikaa tu, unachambua mkanda wa boksi kwa ukucha, na mimi mama yako, ambaye naweza kurekebisha mashine ya fotokopi kwa pini ya nywele, sikuwa na cha kukurekebishia. Usiku nilimwambia baba yako moyo unaniuma. Akasema na wake pia, akazima taa.

Asubuhi nikakutengenezea panga.

Nililiita Panga la Ruvubu. Nikaandika kwamba halikosi. Nikatazama, nikaona haitoshi, nikaandika kwamba likimgusa mwenyewe linamponya. Halafu kwamba linaangaza gizani, kwa sababu ulikuwa unaogopa giza. Halafu kwamba adui akiliona miguu inamlegea. Mwisho, kwamba mwenyewe akiliita, hata likiwa chini ya bahari, hurudi mkononi. Kadi ikajaa, nikageuza nyuma. Sikuuliza mtu, sikujaribu hata pigano moja. Nilisikia mashine imepata moto nikaipitisha, na ilipotoka nikaibusu, ikaniunguza mdomo. Ule mdomo uliovimba, nilikwambia ni chai.

Jumamosi ile nilikuwa na joka. Nililiandaa wiki tatu, nililipa hata mama mzazi na huzuni zake. Inamahoro alilikata kabla Saidi hajamaliza kutunga uzi kwenye sindano. Chai ilikuwa bado inachemka. Saidi akaitazama sindano yake, akanitazama mimi, akauliza, "Na mi nifanye nini, Mama Radhia? Nipike?"

Wewe ulicheka siku ile, na nilipoona meno yako nikasema moyoni kwamba nimeshinda. Kumbe ndipo nilipoanza kupotea. Jumamosi iliyofuata nikaleta joka kubwa zaidi, ili angalau likutoshe, na lile joka likamgusa Nestor kwa mkia tu akafa mara mbili. Nikamtengenezea Nestor jembe jipya la kuvuna majeshi. Saidi naye akataka, nikampa sindano ya kushonea mito miwili ikawa mmoja. Ikabidi joka liwe na vichwa saba. Halafu kila kichwa kikawa na watoto. Nikamaliza plastiki yote ya dukani, watu wakaja na vitambulisho vyao, zile karangamuntu, za kuplastifia nikawaambia warudi wiki ijayo, kwa sababu nilikuwa nimeimalizia kwenye majembe. Na pigano lenyewe lilikwisha kwa pumzi moja. Namba inatoka, kila kitu kinakufa, tunabaki tunatazamana na mandazi.

Nestor akaacha kuja. Alituma ujumbe kwamba ni wakati wa kupanda. Ulikuwa mwezi wa saba, mwanangu, ardhi imekauka hadi inapasuka, hakuna Mrundi aliyepanda kitu mwezi wa saba tangu nchi iumbwe.

Hili sikukusimulia. Nilipanda pikipiki hadi Ryansoro kumuuliza. Nilimkuta amekaa nje anachambua maharage, mkewe akanipa kiti na akabaki karibu ili asikie vizuri. Nikamwambia kama ni zile avoka nilizosema zimeoza, naomba radhi. Akacheka kidogo, akaendelea kuchambua. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Mama Radhia, mi sikatae kupigwa. Kupigwa iko ndani ya mchezo. Lakini zamani kule mi nilikuwa muntu. Sasa niko ule wa kubebea Radhia mufuko."

Nilirudi Gitega njia nzima nikijitetea kichwani. Kwamba ni mtoto, amefeli, ana haki ya kitu kimoja kinachong'aa. Dereva wa pikipiki alifikiri naongea naye akawa anaitikia. Na nilipofika dukani ulikuwa unanisubiri, kadi iko juu ya meza, na pembeni yake kifutio. Ulikuwa umejaribu kufuta. Plastiki ilikuwa imechubuka kona moja, maandishi yangu yako salama chini yake, yote matano, mbele na nyuma.

Ukaniambia, "Maman, hii panga iko inacheza yenyewe. Mi niko naishika tu."

Ulikuwa na miaka kumi na sita, na nilitamani kukukumbatia na kukufukuza kwa wakati mmoja. Nilidhani nilikupa nguvu, kumbe nilikuwa nimekutoa mezani kabla ya Nestor. Ningeitia kadi moto siku ileile, lakini wewe ndiye uliyekataa. Ulisema sheria ni sheria, iliyotiwa plastiki haibadilishwi. Nikasema tutafanyaje. Ukasema kadi haibadilishwi, lakini hadithi bado tunaiandika.

Jumamosi iliyofuata Nestor alirudi, kwa kuwa nilimpelekea habari kwamba kuna mazishi ya silaha, naye si mtu wa kukosa mazishi. Inamahoro akasimama kwenye daraja la Ruvubu na kulitupa panga majini. Saidi, ambaye husoma kadi za wenzake kuliko yake, akakumbusha papo hapo kwamba limeandikwa likiitwa hurudi. Ukasema unajua. Akauliza sasa umelitupa la nini. Ukasema hutaliita, ukanywa chai. Na wale wawili, bila kuambiwa, wakaweka mezani jembe la kuvuna majeshi na sindano ya mito, wakachukua kadi zao za zamani zilizokwisha kuchakaa kona.

Sijawahi kuona mchezo mtamu kama wa zile Jumamosi nne. Kila mkikwama, wote tulikuwa tunakutazama mdomo. Panga liko pale chini ya maji, linasikia. Ungesema neno moja tu. Uliburuzwa na fisi, hukuita. Uliibiwa viatu, hukuita. Ulipanda mlima na homa, Nestor amekushika mkono. Na shule zilipofunguliwa ulikwenda umenyanyua kichwa, ukarudia lile darasa hadi asubuhi moja ukaamka ukakuta ni lako. Nilikuona nikamshukuru Mungu.

Na hapa ndipo lilipo kosa la pili. Kaa vizuri kwenye kiti. Ukitaka kukasirika, njia ya Karuzi ni ndefu ya kutosha.

Jumapili, siku moja baada ya kutupa panga, nilikuja dukani peke yangu, nikachukua kopo la mazimwi, nikatoa kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa na ishirini. Nikavitia vikaratasi hivyo kwenye bahasha, nikaisukuma bahasha chini ya mashine kubwa. Kwa hiyo kwa Jumamosi tatu mazimwi yangu yalikuwa yanakupiga kwa mikono iliyofungwa. Fisi wale waliokuburuza hawakuweza kukuua hata wangetaka. Wewe ulikuwa unapigana bila panga, na mimi nilikuwa nimelificha panga lingine ndani ya kopo, kubwa kuliko lile, na hukuwa na habari nalo ili uweze kulitupa. Nilikutazama ukishinda, nikapiga makofi, na mikono yangu ilikuwa inanuka uongo.

Najua unawaza nini. Unawaza Malkia wa Fisi. Subiri, ndiko ninakokwenda.

Jumamosi ya nne, Malkia mwenyewe akiwa amewazingira pale mlimani, nikaingiza mkono kwenye kopo langu nikiwa nimetulia kabisa, nikatoa kikaratasi, na kikaratasi kilisema kumi na tisa. Unakumbuka nilivyoangusha kikombe. Nyote mlidhani ni msisimko wa hadithi. Nikasoma namba kwa sauti kwa sababu Nestor alikuwa ameshaiona, na Inamahoro akaanguka, akabakiwa na pumzi moja. Nikaingiza mkono tena kwa ajili ya fisi wa pili, aliyemvamia Nestor, nikapata kumi na saba. Nilitaka kuwaambia mashine inaungua, twendeni nje.

Saidi akakunong'oneza, "Ita." Nestor akasema ita, hakuna atakayekucheka. Na mimi, msimulizi, nisiye na ruhusa ya kusema kitu, nilikuwa naomba kimoyomoyo uite.

Hukuita. Ulimuuliza Nestor kama shimo la asubuhi alilifukia. Akaona aibu, akasema alisahau. Ukamuuliza lina urefu gani, akasema sana. Ukamwomba Saidi shati lake lililobaki, lote, akalifumua uzi na kushona majani na vitambaa kuwa turubai juu ya shimo, akabaki kifua wazi ndani ya hadithi na mwenye aibu nje yake. Kisha Inamahoro akakaa upande wa pili wa turubai, na pumzi yake moja, akamtukana Malkia wa Fisi kuhusu mama yake. Malkia akaja mbio. Hakukuwa na haja ya kutoa namba hata moja, kila mtu mezani alijua anakokanyaga. Baba yako, ambaye hachezi, alikuwa amesimama mlangoni na mkate kwapani, akasema Allahu akbar.

Jioni mlipoondoka nikapekua chini ya mashine. Bahasha ilikuwapo, haina kitu. Saidi alikuwa barazani anafunga cherehani yake. Hakugeuka, alikuwa anatia mafuta kwenye gurudumu. Akasema, "Nilikuta namba zenu chini ya mashine nikifagia. Nikazirudisha nyumbani kwao." Shati la Idi aliloshona mwaka ule sikubishana naye bei.

Kwa hiyo jua hivi. Jumamosi tatu nilikudanganya, na nakuomba msamaha, kwa sababu ulijivunia ushindi ambao nilikuwa nimeutilia maji. Lakini ile ya nne ilikuwa kweli tupu. Vikaratasi vyote ishirini vilikuwamo, mama yako alikuwa ameangusha kikombe, na ulishinda. Hata nikifa kesho, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Ungedhani nimejifunza. Miaka minane imepita, nina mvi, wateja wananiita bibi. Sasa nisikilize nilichofanya mwezi uliopita.

Ulipoamua kufungua duka lako la fotokopi Muyinga, karibu na soko, nikasema hewala, mtoto amekua. Na wiki ileile nikampigia simu binamu yangu Shabani, yule wa vipuri vya baiskeli pale Muyinga. Nikamwomba atafute watu kumi na wawili wa kuingia dukani kwako, mmoja kila siku, wajifanye wanapita tu, ili wiki mbili za mwanzo usikae na bata. Shabani unamjua, ukimwomba maji anakuletea kisima. Aliwapata siku ileile. Akawagawia zamu. Akamfundisha kila mmoja la kusema. Jana alinipigia kwa fahari kunijulisha kwamba mama mkwe wake ameshafanya mazoezi, amekwenda kwenye duka lingine akatoa fotokopi ya karangamuntu yake pande zote mbili, na hakuna aliyemshuku.

Nilicheka hadi nikashika meza. Halafu nikasikia mkono wangu uko ndani ya kopo.

Maana ungekuja kuniambia kwenye simu, Mama, siku ya kwanza mteja, siku ya pili mteja. Ningepiga makofi. Na siku ya kumi na tatu asingeingia mtu, ukajiuliza umekosea nini, na hungekuwa umekosea kitu. Leo asubuhi nimempigia Shabani nikamwambia avunje zamu zote. Ameumia sana, amesema kuna mtu alikuwa ameshanunua na kofia. Lakini amekubali. Atakayeingia kwako wa kwanza atakuwa ana shida ya kweli na karatasi ya kweli, hata kama atachukua siku tano kufika. Siku hizo tano utakaa na bata na utaniona mama katili. Nimeshindwa na mmoja tu. Mama mkwe amesema yeye atakuja tu, ana hamu ya kukuona, na hakuna wa kumzuia. Ukimwona mzee ana karangamuntu anazungukazunguka mlangoni, ndiye. Mpe chai, halafu mtoze kama mtu mwingine.

Kopo la mazimwi nimelitia kwenye begi, ndani ya lile sweta la kijani. Vikaratasi vyote ishirini vimo. Hesabu mwenyewe, sitakasirika. Najua utapata watu wa kukaa nao mezani, watakuja kujikinga mvua kama alivyokuja Nestor, na utawatengenezea silaha, kwa sababu hilo huwezi kujizuia. Nisikuhubirie. Nakuambia tu ninavyofanya mimi siku hizi. Naandika kwa penseli, naiacha kadi ichafuke Jumamosi tatu. Na nikitaka kujua silaha ina uzito gani, simuulizi aliyeishika, yeye atasema ni nzuri. Namtazama aliyekaa pembeni yake. Akianza kuchambua maharage, nachukua kifutio.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi. Ni Panga la Ruvubu, nimeliandika upya kwenye kadi mpya, yote matano, kwa penseli. Utaona karatasi imekwanguka, nimefuta leo kutwa nzima, Saidi ameniuliza kama naandika wasia. Kwamba halikosi, nimefuta. Utakosa, na nitasikia habari zake nikiwa mbali. Kwamba linaponya, nimefuta, na hilo nilifuta mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nililirudisha. Mwanga nimefuta, umeme utakatika na mishumaa unajua inakouzwa. Adui kulegea miguu nimefuta, mwenye nyumba wako nimeongea naye kwenye simu na si mtu wa kulegea. Nimebakisha moja tu, kwamba likiitwa, hurudi mkononi.

Na kwa kuwa silaha isiyo na gharama nimekwisha kukuonyesha inavyoharibu, nimeiandika gharama yake chini, kwa herufi ndogo. Mwenye kadi halipi kitu. Linalolipa ni panga lenyewe, kwa sababu haliruhusiwi kuja bila kuitwa.

Itaniuma, Radhia. Inaniuma sasa hivi, naandika na pua imeziba. Nitakuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kusikiliza simu ambayo hailii, na baba yako atajifanya amelala. Lakini nimeahidi kwa mwandiko wangu, na safari hii nimeacha hata kugusa ile mashine, ili siku ukiona gharama imekuwa kali mno kwako au kwangu, uchukue kifutio.

Kesho mtavuka daraja la Ruvubu kama saa mbili. Tazama majini upande wa kushoto, kunakotuama. Mimi niko pale chini, kwenye matope, nakusikia.

Mama yako